Maswali Yenu Kuhusu Konsoli Mpya: Bei, Joto na Gemu za Zamani

Tangu Nintendo ilipoingiza sokoni Switch 2 tarehe 5 Juni 2025, maswali kuhusu konsoli mpya, yaani mashine za kuchezea gemu, yamekuwa yakinifikia mfululizo. Wengine mnauliza kwa niaba ya watoto, wengine mmeshika padi tangu enzi za katriji. Nimechagua tisa, nikayafupisha bila kugusa maana yake.

Kwa nini konsoli inachukua miaka mingi kutengenezwa, halafu siku inatoka tayari kuna kompyuta yenye nguvu kuishinda?

Kwa sababu konsoli unayoiona jukwaani iliamuliwa zamani. Sony, IBM na Toshiba walianza kushughulikia prosesa (chipu kuu ya hesabu) ya Cell mwaka 2001, na PlayStation 3 iliyoibeba ikatoka Novemba 2006. Mwenye kompyuta akitaka kadi mpya ya michoro anafungua kasha na kubadilisha. Konsoli haina nafasi hiyo. Chipu ikishapelekwa kiwandani mjadala umefungwa, na gemu zote za miaka sita au saba inayofuata zitaishi ndani ya uamuzi huo.

Kwa hiyo konsoli mpya ikitangazwa, mimi kwanza hutaka kujua walioiunda walimsikiliza nani. Cell ilikuwa na nguvu kweli, lakini ilikuwa nguvu iliyotawanyika: kiini kikuu kimoja, na vidogo sita ambavyo gemu iliruhusiwa kuvitumia. Kila kidogo kilikuwa na kumbukumbu yake ya kilobaiti 256 tu, na mtengenezaji wa gemu ndiye aliyepaswa kuijaza na kuimwaga mwenyewe, hatua kwa hatua. Gemu nyingi za mwanzo zilizotoka kwenye PlayStation 3 na Xbox 360 ya Microsoft kwa pamoja zilionekana vizuri zaidi kwenye Xbox, ingawa ilikuwa ya bei ya chini.

Mark Cerny alipopewa kazi ya kuongoza usanifu wa PlayStation 4 alianza kwa kuwauliza watengenezaji wa gemu wanataka nini. Jibu lao lilikuwa wazi: kumbukumbu moja ya pamoja, isiyogawanywa vipande. Wakapata gigabaiti 8. Kwa PlayStation 5 ombi lao la kwanza lilikuwa hifadhi ya haraka. Unazikumbuka zile lifti zinazopanda taratibu, na zile nyufa ambazo mhusika anajipenyeza ubavu-ubavu huku kamera ikimganda mgongoni? Nyingi ziliwekwa pale ili diski ipate muda wa kupakia chumba kinachofuata. Diski ya PlayStation 4 ilisoma megabaiti 50 hadi 100 kwa sekunde, wakati hifadhi ya PlayStation 5 inasoma gigabaiti 5.5. Hapo ndipo unapoona mtu amesikilizwa.

Ni kweli kwamba kampuni huuza konsoli kwa hasara?

Mara nyingi mwanzoni, ndiyo. PlayStation 3 iliuzwa Marekani kwa dola 499 na 599, bei iliyowaudhi wanunuzi, na bado Sony ilikuwa ikipoteza fedha kwa kila moja. Pengo hilo huzibwa baadaye: kila gemu inayouzwa kwenye konsoli ina fungu linalokwenda kwa mwenye konsoli, na siku hizi kuna pia ada za mwezi za kucheza mtandaoni. Nintendo kwa kawaida haipendi njia hiyo. Wii ilitoka Novemba 2006 kwa dola 249 ikiwa na vifaa vya kawaida kabisa, ikauza zaidi ya milioni 101.

Bei yenyewe inaweza kuamua vita kabla havijaanza. Mei 1995, kwenye maonyesho ya kwanza ya gemu ya E3 huko Los Angeles, Sega ilitangaza kwamba konsoli yake ya Saturn tayari iko madukani kwa dola 399, miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyokuwa imeahidiwa. Zamu ya Sony ilipofika, Steve Race alipanda jukwaani, akatamka bei ya PlayStation, "299", akashuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Na haraka ile ya Sega iliumiza watu wake yenyewe: maduka ambayo hayakupewa mzigo yalikasirika, KB Toys ikakataa kabisa kuiuza Saturn, na waliokuwa wakitengeneza gemu kwa ajili ya Septemba wakajikuta konsoli iko sokoni nao hawajamaliza kazi.

Mwanangu wa miaka kumi na miwili anaitaka konsoli siku ile ile inapotoka. Nimnunulie au nisubiri?

Dada yangu, mwulize kwanza anataka kucheza gemu gani, na umtake akutajie jina. Ikiwa gemu hiyo inatoka siku ya kwanza na fedha ipo bila kukopa, mnunulie kwa roho safi. Akijibu tu kwamba anataka "ile mpya", subiri miezi sita. Gemu za siku ya kwanza huwa chache, na kasoro za kiwandani hujitokeza kwa wanaotangulia.

Zamani ningekwambia pia kwamba ukisubiri bei itashuka. Siwezi tena. PlayStation 5 yenye diski ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499 huko Marekani, na Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549. Katika nchi nyingine ilianza kupanda tangu 2022. Subiri kwa ajili ya gemu na taarifa za kasoro, lakini usijengee matumaini punguzo.

Jambo moja nakusihi: usinunue kwa mlanguzi. Mwaka 2020 walanguzi walitumia programu zinazonunua mtandaoni kwa kasi kuliko kidole cha binadamu, wakaziuza konsoli kwa karibu mara mbili ya bei. Nintendo ilijaribu kuwazuia Japani kwa Switch 2: ili uingie kwenye bahati nasibu ya duka lake ulipaswa kuwa umecheza Switch ya kwanza saa 50 au zaidi na kuwa mwanachama wa huduma yake ya mtandaoni kwa mwaka mzima. Hata hivyo watu milioni 2.2 waliomba. Hatua ile ilikuwa ya haki, na ningependa kampuni nyingine ziige.

Konsoli ya kaka yangu inanguruma kama ndege inayotaka kupaa. Hizi mpya nazo zitakuwa hivyo?

Swali hili nalipenda, kwa kuwa joto ndilo linaloua konsoli nyingi na watu hawalioni. PlayStation 5 ikiwa katikati ya gemu nzito hutumia takribani wati 200, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto ndani ya kasha unaloliweka chini ya runinga. Lazima litoke. Feni ikishindwa kulitoa kwa utulivu inaongeza mwendo, na mwendo huo ndio unaousikia.

Funzo kubwa liko kwenye Xbox 360. Ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima mbele ya mshindani wake, na muda si muda taa tatu nyekundu zikaanza kuwaka kwenye duara lililo mbele ya konsoli za watu. Chipu ya michoro ilikuwa ikipata moto mkali kila inapochezwa na kupoa kila inapozimwa, na viunganisho vidogo vya lehemu ndani yake vikawa vinatanuka na kusinyaa hadi vikapasuka. Watu waliokata tamaa walikuwa wakiifunga konsoli kwa taulo na kuiacha iwake, kwamba joto litairudisha. Wengine iliwarudia kwa siku mbili tatu, kisha ikafa moja kwa moja. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili yake. Walilipa, na hilo nawapa heshima yao.

Watengenezaji wamejifunza. Ndani ya PlayStation 5, kati ya chipu na kipozea joto, Sony imeweka metali ya majimaji mahali pa ile krimu ya kawaida, kwa sababu inapitisha joto vizuri zaidi. Xbox Series X nayo imesimama kama mnara, na feni moja kubwa juu inayovuta hewa kutoka chini.

Kuhusu ya kaka yako, niliwahi kufungua konsoli ya zamani iliyokuwa ikipiga kelele namna hiyo. Vumbi lilikuwa limejikunja kati ya mapezi ya kipozea hadi likawa kama kipande cha blanketi, nikalivuta kwa kibano likatoka zima. Krimu juu ya chipu ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama matope ya kiangazi. Nilisafisha, nikapaka krimu mpya, na ilipowaka nililazimika kuweka mkono nyuma yake nijue kama feni inazunguka. Mpelekee fundi anayeaminika. Ila ikiwa ni PlayStation 5, mwambie mapema kuhusu ile metali: ni majimaji na inapitisha umeme, tone moja likidondoka kwenye bodi limeharibu kila kitu.

Gemu zangu za zamani zitacheza kwenye konsoli mpya?

Inategemea, na siku hizi habari ni nzuri kuliko zamani. PlayStation 5 inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4. Switch 2 inakubali kadi nyingi za Switch ya kwanza. Kwa PlayStation 5 hilo limewezekana kwa sababu chipu mpya inaelewa lugha ya ile ya zamani; Switch 2 nayo hutafsiri gemu za zamani papo hapo zinapochezwa. Lugha ikibadilika kazi inakuwa ngumu: PlayStation 3 za mwanzo zilicheza gemu za PlayStation 2 kwa sababu Sony iliweka chipu za PlayStation 2 humo humo ndani, na ilipotaka kupunguza gharama ikaziondoa. Kabla hujauza konsoli ya zamani, hakikisha gemu unayoipenda imo katika orodha rasmi ya kampuni.

Ninunue yenye diski au isiyo na diski?

Yenye diski, kama unaimudu. Diski unaweza kumwazima rafiki, kuiuza, au kuirithisha. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingehitaji kujiripoti mtandaoni kila baada ya saa 24, pamoja na masharti kwa gemu za mitumba. Wachezaji waliwaka. Juni mwaka huo huo mpango ukafutwa kabla konsoli haijatoka. Wachezaji wakisema kwa sauti moja husikika, na ningependa tusisahau hilo sasa ambapo baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani yake, zina ufunguo tu wa kuipakua.

Lazima niwe na runinga ya 4K?

Hapana. Kila konsoli hizi inafanya kazi kwenye runinga ya kawaida ya HD. Kasi ya kupakia utaifaidi vile vile.

Kwa nini Dreamcast ilikufa? Kaka zangu wakubwa bado wanaisifu.

Wanaisifu kwa haki. Konsoli hiyo ya Sega ilitoka Japani Novemba 1998 na Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, ikiwa na modemu ndani yake wakati kucheza gemu ya konsoli kwa intaneti kulikuwa ndoto. Padi yake ilipokea kadi ya kumbukumbu yenye kioo kidogo, ambayo unaweza kuichomoa ukaenda nayo.

Lakini iliingia sokoni ikibeba deni la uaminifu. Walionunua Saturn walikuwa wameumia, maduka yalikuwa na kinyongo, na Electronic Arts, wenye gemu za michezo zilizopendwa sana, hawakuitengenezea gemu hata moja. Baadaye ikagundulika kwamba gemu zake zingeweza kunakiliwa kwenye CD za kawaida na kuchezwa bila kuifungua konsoli. Juu ya yote hayo PlayStation 2 ilikuwa inakuja na uwezo wa kucheza filamu za DVD, na wengi wakaamua kuisubiri. Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Iliuza takribani milioni 9. PlayStation 2 ilikuja kuvuka milioni 160.

Inaniuma hadi leo, maana waliounda Dreamcast hawakukosea. Walilipishwa makosa ya konsoli iliyotangulia.

Nina miaka 17 na nataka kutengeneza gemu ya konsoli. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, anza kwenye kompyuta uliyo nayo. Kuna programu za kutengenezea gemu: Godot ni ya bure, na Unity hutumiwa na watu wengi wanaofanya kazi wenyewe. Konsoli maalumu za watengenezaji hutolewa kwa mkataba wa siri, lakini Microsoft inakuruhusu kujisajili na kuigeuza Xbox ya kawaida ya dukani iwe ya majaribio. Ukiwa na gemu inayochezeka unaweza kuomba kuingia mpango wake wa watengenezaji wanaojitegemea, ID@Xbox, na Sony na Nintendo wana milango yao.

Fahamu mapema kwamba kila gemu hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa, na wakaguzi hufanya mambo ambayo mchezaji wa kawaida hayawazi. Wanakata intaneti gemu ikiwa inahifadhi. Wanazima padi katikati ya pambano waone kama gemu itasimama na kusubiri. Yako ikiwa bado ni mchemraba unaorukaruka kwenye sakafu ya kijivu, ijaribu hivyo hivyo leo: cheza, kisha chomoa padi.