Viendeshi vitatu vya mota za stepa kwenye mtandao mmoja

Ndugu yangu, umeeleza kwamba viendeshi vyako vitatu, yaani vifaa vinavyoendesha mota za stepa (mota zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo), hujibu vizuri kimoja kimoja kupitia RS-485 (njia ya kupitisha data kwa waya), lakini vikiunganishwa pamoja mawasiliano ya Modbus (lugha ambayo kidhibiti, yaani kifaa kinachotoa amri, hutumia kuzungumza navyo) huvurugika. Nashuku anwani kwanza, yaani namba ya kutambulisha kila kiendeshi, kwa sababu viendeshi vipya vya aina moja kwa kawaida hutoka kiwandani vikiwa na anwani ileile, hivyo vyote hujibu kwa wakati mmoja. Kipe kila kimoja anwani yake, kati ya 1 na 247, kikiwa peke yake kwenye waya, kisha uhakikishe kasi yake ya mawasiliano na pariti yake (biti ya kukagua makosa ya data) ni sawa na za kidhibiti. Waya upite kutoka kifaa hadi kifaa, na rezista za omu 120 ziwekwe kwenye ncha zake mbili tu. Nakusihi sana, usichomoe mota wakati kiendeshi kina umeme, kwani kinaweza kuungua.