Weusi wa lava: kwa mpiga picha wa Tanga anayekwenda Ngazija

Katikati ya mwaka, msimu wa harusi za Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ukikaribia, vijana wa picha hapa Tanga wenye ndugu huko huniuliza wabebe lenzi gani. Huwajibu kwamba lenzi waliyonayo itatosha. Kitakachowasumbua ni jiwe.

Sisi wa huku tumezoea chokaa na matumbawe: mchanga wa Raskazone, kuta za mapango ya Amboni. Ngazija imezaliwa na volkeno. Mlima wake, Karthala, una urefu wa mita 2,361 na bado uko hai. Mwaka 1977 lava yake iliharibu kijiji cha Singani. Sehemu kubwa ya pwani ni lava iliyoganda, nyeusi tii.

Kamera haijui kwamba jiwe ni jeusi. Kipimo chake cha mwanga hukisia kuwa kila ilichoelekezewa kina mwanga wa wastani, basi ikikutana na lava inaongeza mwanga, jiwe linatoka rangi ya majivu na mawingu yanaungua, yaani yanabaki meupe matupu. Aliyepiga picha za harusi anaijua hali hii. Kinamama wa buibui wakijaza fremu, buibui hutoka kijivu. Kwenye nikaha, kanzu zikijaza fremu, hutoka kama hazikufuliwa. Dawa ni ile ile: penye weusi punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, penye weupe ongeza.

Shughuli ipo pale vyote viwili vinapokutana. Chomoni, pwani ya mashariki, mchanga mweupe umekaa katikati ya miamba myeusi. Jua likishapanda, linda mchanga kwanza. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, usiiache igonge ukuta wa kulia, piga faili ghafi (RAW), na weusi utauinua baadaye kwenye kompyuta. Mchanga ulioungua haurudi.

Lakini mimi ningefika kabla ya jua. Ukishaswali alfajiri toka moja kwa moja, maana huku kwetu ukanda wa joto ule mwanga laini kabla ya kuchomoza haufiki nusu saa. Kama maji yanapwa, umepata bahati. Lava iliyotoka kulowa ina mikunjo kama uji mzito uliomwagika, na katika vijishimo vyake maji hubaki. Kila kijishimo kinashika kipande cha mbingu, kimoja cha waridi, cha jirani yake bado buluu. Shusha tripodi chini kabisa, karibu na jiwe. Weusi hauna umbo bila mng'ao, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia kwa filta ya polaraiza: wanaizungusha mpaka mwisho, mng'ao wote unafutika, linabaki bonge jeusi. Izungushe kidogo tu, au ivue.

Karthala yenyewe ni ya asubuhi. Ardhi ikipata joto, hewa yenye unyevu hupanda miteremko na kugeuka mawingu, na mara nyingi kilele hakionekani tena hata kabla ya adhuhuri. Ukiukuta mlima uko wazi, acha chai, piga. Jioni hamia upande wa magharibi, Itsandra au Mitsamiouli, jua linazama baharini. Kwa sisi tunaoliona likichomoza baharini na kuzama upande wa bara, hiyo pekee inatosha kufanya safari.

Viatu viwe vya soli ngumu, kwani lava inakata. Mawimbi yakipiga mwamba hurusha vumbi la chumvi ambalo hulioni mpaka picha zimekuwa na ukungu, kwa hiyo beba vitambaa viwili, kimoja kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi na kimoja kikavu. Anza na kile cha maji, chumvi iyeyuke. Ukianza na kikavu unakwaruza kioo. Miguu ya tripodi nayo isuuze usiku huo huo, viungio vyote vikiwa wazi, na usiifunge mpaka ikauke.