Kozi ya kujinasua kwenye msukosuko wa nyuma ya ndege kubwa: rubani wa Cessna ailipie?

Mwenzetu aliyeanzisha uzi huu, mwanafunzi wa urubani hapa Dar es Salaam, anauliza kama inafaa akope fedha akasomee nje ya nchi kozi ya kujinasua pale ndege inapopinduliwa na hewa iliyovurugwa na ndege kubwa, au kama mazoezi ya kawaida kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, yanatosha. Mimi ni mkufunzi wa urubani, na jibu langu ni kwamba kozi hiyo ina faida, ila si ile anayoitarajia.

Kila ndege inayobebwa na mabawa huacha nyuma yake, kutoka kwenye ncha za mabawa hayo, mizunguko miwili ya hewa inayosokota kwa mielekeo inayopingana. Nguvu yake huwa kubwa zaidi ndege inapokuwa nzito, ina mwendo mdogo na haijatoa flapi (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoongeza unyanyuo), na mizunguko hiyo hushuka kwa futi 300 hadi 500 kwa dakika. Januari 2017, ndege ya abiria wachache aina ya Challenger 604 ilipita futi 1,000 chini ya Airbus A380 juu ya Bahari ya Arabu, ikabiringika mara kadhaa na kupoteza takriban futi 9,000 kabla ya marubani kuidhibiti. Wao walikuwa na futi hizo za kupoteza. Wewe unayekuja kutua Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere nyuma ya Boeing 787, ukipinduliwa ukiwa futi 300 juu ya mapaa ya nyumba za watu, huna, na hakuna mkufunzi duniani atakayekuuzia.

Basi kozi inafundisha nini? Inafundisha mkono. Mwanafunzi anapoiona ardhi imejaa kwenye kioo cha mbele, vidole vyake hukaza usukani na kuuvuta kifuani kabla hata hajafikiri. Ndege ikiwa imelalia mgongo, kuvuta huko kunaielekeza pua moja kwa moja chini, na bawa likizidishiwa pembe linapoteza sehemu kubwa ya unyanyuo wake. Utaratibu sahihi ni kusukuma usukani mbele kidogo ili kulipunguzia bawa mzigo, kisha kuibingirisha ndege kwa aileroni (vibao vilivyo karibu na ncha za mabawa) kuelekea upande wa upeo wa macho ulio karibu, kurekebisha nguvu ya injini kulingana na mwendo, na mwisho kuinua pua taratibu. Kuyasema haya ni rahisi. Kusukuma wakati mwili mzima unataka kuvuta hakuzoeleki mpaka umekuwa kichwa chini kwelikweli. Cessna 172 hairuhusiwi kubingirishwa hivyo, na simuleta (mashine ya ardhini inayoigiza urukaji), hata iliyo bora, haiwezi kukuonjesha uzito unaobadilika mwilini kwa muda mrefu. Ndiyo maana Ulaya, tangu Desemba 2019, mafunzo haya kwenye ndege halisi ni sharti kabla ya kusomea kwa mara ya kwanza ndege ya marubani wawili.

Kuna jambo moja wanafunzi hulichukulia vibaya, nalo ni usukani wa mkia, ule unaoendeshwa kwa miguu. Novemba 2001 Airbus A300 ya American Airlines, ikiwa imetoka kuruka New York nyuma ya Boeing 747, ilikutana na msukosuko ambao wenyewe usingeiangusha. Rubani msaidizi aliukanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, kulia na kushoto kwa kupokezana, mpaka mkia wa wima ukakatika, na watu 265 wakafa. Mwendo salama wa kusukasuka ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege, yaani ule ambao ukiuzidi hupaswi kusogeza usukani wowote hadi mwisho wake, haukulindi dhidi ya kukanyaga kwa kupokezana namna hiyo. Tena mwendo huo hupungua ndege inapokuwa nyepesi: kwa Cessna 172S ni noti 105 (maili za baharini kwa saa) ikiwa na uzito wote unaoruhusiwa, lakini ni noti 90 tu ikiwa na pauni 1,900, kwa hiyo anayeruka peke yake asikariri namba ya siku aliyokuwa na mwalimu.

Kwa anayerukia Dar es Salaam, sehemu kubwa ya usalama iko kwenye upepo. Njia yetu kuu ya kurukia na kutua, 05/23, imelala kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, hivyo kaskazi huivumia karibu kwa urefu wake na kusi huikata kwa ubavu. Kusi ikivuma kwa nguvu, mizunguko ya hewa hupeperushwa na kuvunjika mapema. Ikiwa dhaifu, noti 1 hadi 5, mzunguko wa upande unakotoka upepo unaweza kubaki palepale unapotaka kutua. Tazama magurudumu ya ndege kubwa yanapogusa, ubaki juu ya mkondo iliopitia hewani, utue mbele zaidi ya hapo ilipogusa. Njia ya kurukia ina takriban mita 3,000, na Cessna haihitaji hata robo yake. Wakati wa kuruka usijidanganye kwamba wewe unaacha ardhi mapema: jeti hupanda kwa mwinuko mkali kuliko wako, na hewa yake itakushukia. Msidharau pia ndege za panga boi, kwani Dash 8-400 ina zaidi ya mara 20 ya uzito wako.

Utaratibu wa kimataifa unaiwekea ndege nyepesi dakika 2 kabla ya kuruka nyuma ya ndege ya wastani au nzito, na dakika 3 ikiwa inaanzia katikati ya njia. Lakini unapokuja kutua kwa kuona kwa macho, mwongoza ndege anaweza kukupa onyo tu na kukuachia nafasi uipime mwenyewe. Hapa ndipo vijana wetu wanaponisikitisha: wanaona haya kuomba dakika moja zaidi au kuzunguka tena, eti watawachelewesha marubani wakubwa wa safari za Zanzibar na Mafia walioko nyuma. Omba. Mnara wa kuongozea ndege hautakukatalia, na abiria wa mwenzako atasubiri.

Kwa hiyo usikope sasa. Maliza leseni kwanza, ujizoeze kuuliza na kukataa ukiwa hewani, kisha fedha ikipatikana ukachukue saa chache kwenye ndege ya sarakasi. Kabla ya kulipa, waulize kama ndege yao imeidhinishwa kupinduliwa, kama mkufunzi ana kibali cha kufundisha sarakasi, kama parachuti zinavaliwa, na kama ni wewe utakayeshika usukani ndege ikiwa kichwa chini au utakaa tu kutazama.