Yule Mrusi, baba yake, na bluu ya ngozi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama yule mchoraji wa Urusi, Pavel Otdelnov, kahamia London 2022 na bado anachora kwao Dzerzhinsk, basi na wewe hapohapo London unaweza kuendelea kukichora kiwanda chetu cha ngozi ambacho hujakitia machoni miaka tisa. Sawa, nitajibu, ila tangu ulivyonitumia zile picha aliyenikaa kichwani sio yeye, ni baba yake.

Manake ulinieleza mwenyewe, mji wa kemikali ule, wakati wa vita kuu ya pili walitengeneza gesi za sumu pale, ukoo wake umekula mkate wa viwandani vizazi na vizazi, na yeye kazaliwa hapo 1979. Akaenda Moscow kusoma chuo cha sanaa cha Surikov, akachora pembezoni mwa jiji, maghorofa, mashopping mall, ndo akaja kugeuka nyuma kuangalia alikotoka. Na alipogeuka, baba yake akaandika kumbukumbu zake za kiwandani, zikaenda pamoja na picha za mwanae kwenye ule mradi wa Promzona uliooneshwa Moscow 2019. Mzee mwenzangu kakaa chini, kashika kalamu. Hapo ndo nimekwama.

Nilishakwambia na narudia, mtu anachora anachokijua kwa pua. Macho unaweza kuyadanganya, pua haidanganyiki. Lile bwawa la taka la kwao wanaliita Bahari Nyeupe, yeye kalichora limetulia utadhani theluji, na mbingu ya kijivu juu yake, mpaka uambiwe ni nini ndo mwili unasisimka. Hapigi kelele kijana yule. Wewe nyekundu kila kona, unapaka nzito mpaka... basi, mama yako kanikataza.

Unakumbuka siku ya hotpoti? Uko la sita, umeniletea chakula getini, ukakaa juu ya gogo ukachora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, wanaume wanne wanavuta ngozi kutoka kwenye shimo la chokaa. Mnyapara akalichukua akawaonesha wenzake, akasema huyu mtoto mbona katuchora peku kama wafungwa, wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Wewe ukaniangalia miguu. Mama, tulikuwa peku kweli, viatu vya mpira tuliahidiwa tangu mwaka wa nyuma yake, chokaa imetula vidole mpaka usiku nalala nimeloweka kwenye beseni, na wewe peke yako ndo uliliona ukalisema, alafu baba yako akacheka. Uliondoka hujasubiri hotpoti. Lile boksi sijui liliishia wapi, nimelitafuta.

Alafu ulipokua ukaja na simu unirekodi nisimulie ya kiwandani, nikakwambia hakuna cha kusimulia.

Sasa nikisema baki huko, nitakuwa nasema tu kwa sababu kodi ya hapa naijua. Nikisema rudi, urudi wapi, kiwanda kimefungwa, mabati wameng'oa, pamebaki mashimo na mbuzi. Labda umbali unamtuliza mtu aone vizuri. Au haumsaidii, harufu ya mayai viza ya ile chokaa haipandi ndege. Lakini yule Mrusi ya kwao kaondoka nayo puani toka utotoni, na wewe vilevile, sasa mimi nabisha nini? Siamui. Nina jibu langu ila silisemi.

Hili moja lazima nikwambie lakini. Kwenye picha yako mpya ngozi umezipaka brauni. Ya brauni inakuja mwishoni kabisa, zikishapakwa rangi. Zikitoka kwenye pipa la dawa ya kromu zinakuwa bluu, bluu iliyopauka kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, zimelowa, nzito, unaibeba begani inakuachia bluu shingoni. Nipigie Jumapili tukitoka misa, uwashe na hiyo ya kurekodi. Nitaanzia kwenye chokaa.

Baba