Jibu: Binti anataka shahada ya muziki, niuze korosho?

Shikamoo mzee wetu wa Newala. Umeuliza kama pesa yote ya korosho za msimu huu iende kwenye shahada ya muziki ya binti pale UDSM, miaka 3, na kama kazi ipo.

Anzeni na Bodi ya Mikopo kabla hujagusa korosho. Piga hesabu mbili, akipata mkopo na asipopata, maana chumba na chakula cha Dar havisubiri mnada wa korosho. Na ajue mapema: akiajiriwa, marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Mimi napiga kinanda kwenye kwaya na harusi hapa Mtwara mjini. Cheti sijaulizwa hata siku moja. Wanataka kusikia unapiga. Kinaulizwa shuleni na serikalini. Kwa hiyo akitaka ualimu, shahada ina maana, ila ahakikishe kozi ina masomo ya ualimu ndani yake. Akitaka bendi au studio, mimi ningempeleka kwanza TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, kwa astashahada au stashahada, atoke anasoma nota na ala moja anaimudu kwelikweli.

Kwani sasa hivi anapiga ala gani?