Muulize Babu: Kisanduku cha hadithi ya kisima

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mlezi wa klabu ya watoto hapa Mwanga, Kigoma. Nimesikia kuna mchezo wa Uingereza: watu wanaficha visanduku porini, wengine wanavisaka kwa mafumbo na kugonga mihuri. Likizo hii nataka tuucheze kwa hadithi za kwetu. Nianzie wapi? Na mihuri nitaipata wapi bila kutoboka mfuko?
Mama Klabu, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchezo huo niliujua nikiwa karani wa tiketi stesheni. Mwingereza mmoja aliyekuwa akisubiri meli ya Liemba aliweka daftari dogo dirishani, akaniomba nimgongee muhuri wa stesheni. Nikakataa. Muhuri wa kazi haugongwi ovyo. Akacheka, akanifungulia kurasa: bundi, jani, daraja la mawe, mihuri mitupu, kila mmoja kaupata kwenye kisanduku alichokisaka kwa miguu yake. Kwao Dartmoor, nyika ya kusini-magharibi mwa Uingereza, mambo yalianza mwaka 1854, pale James Perrott, mwongoza wageni, alipoacha chupa Cranmere Pool, katikati ya matope na nyasi, ili anayefika atie kadi yake humo. Siku hizi kisandukuni mna muhuri na daftari. Unagonga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, na muhuri wako kwenye daftari la kisanduku, kisha unarudisha kila kitu kama ulivyokikuta.

Sasa hadithi. Chukua ile ya kisima. Zamani ziwa halikuwapo, palikuwa na bonde tu, na mtu na mkewe wenye kisima kilichojaa samaki. Mwiko: asionyeshwe mgeni. Mume akasafiri, mke akamlisha hawara wake wale samaki, mwisho akamwonyesha na kisima chenyewe. Ardhi ikapasuka, maji yakafunika bonde, ndiyo Tanganyika hii. Hata Stanley aliiandika alipopita Ujiji mwaka 1876.

Usiisimulie klabuni! Fumbo liwe halifunguki mpaka mtoto akamuulize bibi yake. Langu lilikuwa hivi: “Mwenye nyumba kasafiri, asiyealikwa kashiba. Simama mgongo kwa mwembe, uso majini. Waliojua siri wahesabu, zidisha kwa kumi, ndizo hatua zako.” Jibu langu lilikuwa thelathini: mume, mke, hawara. Watoto wa jirani wakagombana nusu saa. Binti mmoja akashikilia ni ishirini, maana hawara alipojua haikuwa siri tena. Nilimpa haki yake, nikaenda kukihamisha kisanduku. Hatua nazo pima na mtoto wa darasa la nne, si kwa miguu yako.

Kuhusu mahali pa kuficha, nisikilize sana, maana hapa nimeumia. Kisanduku changu cha kwanza nilikifukia chini ya mwembe Ujiji, nikachora msalaba wa chokaa kwenye jiwe la pembeni. Kesho yake nikakuta shimo la kufika kiunoni, daftari limetupwa, kopo limeondoka. Wewe ni wa huku, unajua: alama kwenye jiwe maana yake ni moja tu, mali ya Mjerumani, ile hazina watu wanayoamini Wajerumani waliifukia zamani. Kwa hiyo usifukie, usichore. Kisukume chini ya mzizi au kati ya mawe, mwambie mwenyekiti wa mtaa na mwenye shamba, na juu ya kopo andika kwa herufi kubwa MCHEZO WA WATOTO, HAKUNA PESA. Makaburini na penye mizimu usiguse. Kule Dartmoor wanalo kaburi la Jay, binti wa kazi, ambalo husemwa halikosi maua mabichi, na wasakaji hupita hapo bila wasiwasi. Hapa kwetu wazee watakuita kikao.

Cha pili nilikiweka ufukweni Kibirizi, nikaona nimepata mahali palipo sawa na hadithi. Ziwa lilipopanda miaka ile likakimeza. Ukitaka kisa cha maji, weka kisanduku mlimani panapoonekana maji.

Sanduku la mbao usithubutu, mchwa watalimaliza pamoja na daftari. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza linatosha, daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

Mihuri haina gharama. Tafuta kandambili iliyochakaa, kata kipande ukubwa wa kiberiti, chora mgebuka kwa kalamu, kisha ondoa kwa wembe kila kisicho samaki. Wembe ushike wewe, watoto wachore. Gundisha kipande kwenye kibao ili vidole vipate pa kushika. Maandishi yachongwe kinyumenyume. Mimi nilichonga UJIJI nikajiona fundi, kumbe kila J ilitoka imegeuka. Kiazi kinafaa kwa kujifunzia, ila kesho yake kimesinyaa na samaki wako kawa dagaa.

Wino usiuache kisandukuni, kwa joto letu pedi hukauka. Ibebe mwenyewe mkobani, pamoja na kitambaa cha kufutia vidole, au mama zao watakuja kukuuliza nguo za shule zimefanywa nini.