Uzi wa Kupimia Mguu

Mwaka wa kwanza baada ya talaka nilimtumia binti yangu viatu vya shule kutoka Dar hadi Morogoro. Nilivitafuta Kariakoo nusu siku: vyeusi, vya ngozi, saizi 29. Jioni mama yake akanipigia. "Wewe, mtoto anavaa 32 sasa." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Hela ya matumizi nilikuwa naituma kila mwisho wa mwezi bila kuruka, nikajihesabu baba mzuri. Kumbe nilikuwa namlea mtoto wa mwaka juzi.

Nilimwomba ampime mguu kwa uzi, nikauchukua nilipokwenda. Upo kwenye pochi yangu mpaka leo, ingawa umeshabadilishwa mara tatu.

Ndugu zangu walikuwa na ushauri mwingine. "Mwache, akikua atamtafuta babake." Wengine wakaniambia nisubiri afike miaka 7 nimchukue, ndivyo sheria inavyosema. Haisemi hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa mahakamani. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba siku ya keki ya saba anahamishiwa kwa baba. Mahakama inaangalia maslahi ya mtoto, na inatakiwa kuzingatia ubaya wa kumvuruga kwa kumhamishahamisha. Baba anayehesabu miaka huku haonekani, hiyo saba ikifika mtoto atamwamkia kama mgeni.

Simu nayo ina ufundi wake. Mwanzoni nilikuwa napiga nikikumbuka, nauliza umekula, umesoma, unamsikiliza mama? Anajibu "ee", "ee", "ee", kisha anampa bibi yake simu. Siku hizi ni Jumanne na Ijumaa, saa moja usiku. Ananisomea hesabu iliyomshinda, mimi naiandika nyuma ya risiti. Hesabu za sehemu zilinishinda mimi kwanza, ikabidi nimwulize kijana wa ofisini, akanicheka. Siku nyingine hatuna la kusema. Namsikia tu akipekua daftari, bibi yake akimwita akaoge. Usikate simu kwa sababu ya ukimya huo.

Kosa langu kubwa lilikuwa Jumamosi moja. Nilimwahidi nitakuja, ikatokea kazi, nikapiga simu saa kumi na moja jioni kuomba radhi. Bibi yake akaniambia mtoto alikaa barazani tangu saa mbili asubuhi na gauni lake la Idi, akakataa hata kuingia kula. Tangu hapo safari isiyo na uhakika namwambia mama yake tu. Mtoto anaambiwa nikishakata tiketi. Afadhali sasa kuna treni ya SGR, iliyoanza kwenda Morogoro 2024; naondoka asubuhi na kurudi jioni.

Shuleni nenda mwenyewe. Jitambulishe kwa mwalimu wa darasa, acha namba yako. Mimi nilikuta pameandikwa mzazi mmoja tu, na si kwa hila ya mtu. Sikuwahi kufika, basi.

Kuhusu mzazi mwenzako, ujumbe wa hela na lawama usipitie kwa mtoto. Mkishindwana kabisa, ofisi ya ustawi wa jamii ipo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kuiomba mahakama apangiwe nafasi ya kumwona mwanawe. Sisi hatukufika huko. Tulinuniana miezi minane, tukachoka.

Januari hii nilikwenda na uzi wangu mfukoni, tukaingia wote soko la Chifu Kingalu. Nikampa muuzaji uzi apimie. Binti yangu akaniangalia, akavua ndala, akaweka mguu mezani.

"Baba, si mimi mwenyewe nipo hapa?"